Mstari wa Tatu

Mimi nilimshuku marehemu mume wangu kwa sababu alitunga shairi zuri. Wanawake wengine hushuku harufu ya marashi kwenye kanzu. Mimi nilishuku mizani. Nalisema leo bila haya kwa kuwa arobaini yake imesomwa juzi, wageni wamekwisha kurudi makwao, masufuria ya watu yamerejeshwa, na nyumba hii ya Msambweni imebaki na mimi na kasha lake la mbao ambalo wanangu wanihimiza nilifungue. Nitalifungua. Kabla ya kasha nataka niuseme ule mwaka, mwaka wa pili wa ndoa yetu, katika miaka ya hamsini, maana nimewahi kuusimulia mara nyingi kwa namna iliyonipendeza mwenyewe, na kila mara niliyaacha yale yaliyonitia aibu.

Siku ya Ijumaa baada ya alasiri basi la Likoni lilikuwa likileta gazeti, na gazeti lilikuwa na ukurasa wa mashairi. Mtaa wetu ulikuwa ukinunua nakala moja tu, nayo ikisomewa barazani kwetu. Wala haikuwa kusoma kwa macho. Shairi lilighaniwa kwanza, kisha likahukumiwa. Hakimu alikuwa fundi Athumani, mshoni jirani yetu, aliyekuwa akigonga kila silabi kwa kidole juu ya fimbo yake ya yadi: nane, akatua, nane tena. Mstari uliotimia kumi na sita aliuacha upite. Uliopungua aliurudisha, awe mwenyewe ni nani. Sisi wanawake tulikuwa ndani nyuma ya pazia, tukikuna nazi na kuchambua mchele, hatuulizwi neno na twasikia yote. Mama mkwe wangu, Bi Riziki, hakujua herufi za skuli, lakini sikio lake lilikuwa likimtangulia Athumani. "Umepungua huo," alikuwa akininong'oneza, na huko nje kidole kikasita.

Uliopungua mara nyingi ulikuwa wa mume wangu. Hamisi alikuwa dresa wa hospitali, kazi yake kuosha vidonda na kufunga bendeji, mtu mpole, msafi wa mikono, na mshairi mbaya. Mistari miwili ya kwanza ya kila ubeti wake ilikuwa ikienda salama; ukifika wa tatu, mizani moja haipo. Sijui alikuwa akiipoteza wapi. Athumani alikuwa akimwambia, "Hamisi, wa tatu wachechemea tena," na wanaume wakacheka, na sisi ndani tukacheka zaidi, mimi na mama mkwe, hata mchele ukamwagika. Kicheko chetu kilikuwa kikipenya pazia. Sikuwahi kufikiri kwamba yeye alikuwa akikisikia, au pengine nilifikiri nikaona si kitu.

Basi Ijumaa moja, msimu wa mvua za mwaka, Athumani alifungua ukurasa, akaona jina la Hamisi, akakohoa kwa mzaha na kuanza kughani:

*Nilimwacha yu jikoni, chai haijachemka,*
*Nikatoka mlangoni, na nyuma sikugeuka,*
*Jina lake li moyoni, wala sijalitamka,*
*Nauliza duniani, nani asiyekumbuka?*

Hakuna aliyecheka. Athumani aliurudia mstari wa tatu akigonga polepole, akapata kumi na sita, akaurudia tena. "Nani kakufunza wewe?" akauliza. Hamisi akajibu, "Mungu humfunza amtakaye," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka mazungumzo yageuzwe. Nyuma ya pazia mkono wangu ulisimama juu ya mbuzi, nazi nusu imekunwa. Mtu aliyechechemea miaka yote haamki asubuhi akanyooka. Kuna kilichomnyoosha. Tena huyo aliyeachwa jikoni ni nani? Mimi sikuachwa mahali. Nilikuwa papo hapo, nafsi yangu, na tui la chakula chake. Nikakumbuka kwamba kabla ya kunioa aliwahi kufanya kazi Shimoni miezi kadhaa. Nilimtazama mama mkwe. Naye alikuwa akinitazama.

"Babake alianza hivyo hivyo," alisema usiku ule tulipokuwa tukiosha vyombo. "Alianza kuimba akioga. Baada ya mwezi mmoja nikaletewa habari za mwanamke wa Waa." Mama mkwe wengine humtetea mwana, huyu wangu alikuwa ameumwa na nyoka, akawa aogopa ukambaa. Tangu siku ile tukawa na shauri moja.

Na hapo ndipo nilipojifunza kusoma. Herufi nilikuwa nikizijua tangu skuli, lakini kusoma ni jambo jingine, na mimi nilifunzwa na wivu. Niliukata ukurasa ule, nikauficha chini ya godoro, nikawa nautoa Hamisi akiwa kazini. Kwa nini chai, wala si uji? Kwa nini hakugeuka nyuma? Mtu asiyegeuka ni mtu anayejua akigeuka hatakwenda. Niliona kwamba aliyetunga maneno yale alimpenda mwanamke yule kwa dhati, na jinsi nilivyozidi kuona ufundi wake ndivyo nilivyozidi kuumia. Nimewasikia wahakiki wa siku hizi wakifundisha kwamba shairi husomwa kwa moyo mweupe. Mimi moyo wangu ulikuwa mweusi tititi, na sijawahi kusoma vizuri kuliko mwaka ule.

Mtu ataniuliza, mbona hukumwuliza mumeo? Mke akiuliza hujibiwa lolote, kisha mambo hukaa kimya. Mimi nilitaka aumbuke mbele ya wenzake, kwa kidole cha Athumani. Kawaida ya ukurasa ule ni kwamba mtu akitoa shairi, yeyote aweza kumjibu, mradi ashike vina vilevile na atie jina lake katika ubeti wa mwisho. Mama mkwe alikuwa na shamba la muhogo Kikoneni, na kila baada ya wiki mbili alikuwa akienda kulipalilia. Nikatunga, nikajiita Mkulima wa Kikoneni, naye akaichukua barua ndani ya kikapu chake chini ya nguo za shamba, akampa mwenye duka wa kule aliyekuwa akipeleka barua Mombasa. Miaka ile serikali nayo ilikuwa ikifungua barua za watu. Nilimwambia akiulizwa aseme ni habari ya mihogo. "Si uongo," alisema, "ni habari ya mzizi." Baada ya Ijumaa tatu Athumani akaghani, na mimi nyuma ya pazia nikayasikia maneno yangu yakitoka kwa sauti ya mwanamume:

*Mwenye jiko li nyumbani, kwa nini kuhangaika?*
*Machozi ya gazetini, ni rahisi kumwagika,*
*Aliaye kwa yakini, kalamu humponyoka,*
*Nakujibu hadharani, hakuna unokumbuka.*

Baraza zima liliguna. Athumani akasema, "Huyu mkulima ana panga, si jembe." Nilichungulia penye tundu la pazia nimwone Hamisi akiona haya, na sikumwona akiona haya. Aliliomba gazeti, akaukunja ukurasa taratibu, akautia mfuko wa shati, na asubuhi yake akaenda nao kazini. Nikajua anampelekea yeye.

Jibu lilikuja, nalo lilikuwa kali na lenye heshima. Lilimshukuru Mkulima kwa kulima shamba asiloliona. Nikajibu kwa ukali zaidi. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kugundua kwamba siku za mapumziko Hamisi alikuwa akitoka alasiri na karatasi tupu na kalamu, na akirudi karatasi imejaa, vidole vina wino, macho mekundu. Mara ya tatu nilipoliona hilo nilifunga nguo zangu katika kanga, nikaweka mzigo mlangoni, nikamwekea chakula chake cha jioni: wali, mchicha, na kipande cha papa. Nilitaka ale kwanza. Sikutaka iwe nongwa kwamba niliondoka na njaa yake.

"Ulikuwa kwa nani?" nilimwuliza.

Aliutazama mzigo. "Kazini."

"Leo ni siku yako ya mapumziko. Uliandika kwa nani?"

"Ni amana ya mtu, Mwanamisi. Nikiitoa nitakuwa nimemvunjia."

"Amana gani ina jiko na mlango?" alisema mama mkwe kutoka pembeni. "Sema, mwanangu. Mwenzio keshafunga mzigo, na mimi sitamzuia."

Akasema. Alikuwapo mgonjwa mmoja, jina lake Mbwana, mtu wa Shimoni, katika kambi ya wagonjwa wa ukoma. Ndugu zake walikuwa wametangaza kwamba amekwenda Tanga kutafuta kazi, kwa sababu watu wangaliujua ukweli wangalimkimbia mkewe naye, wakatoka kisimani kila akifika na ndoo. Mke mwenyewe aliamini ni Tanga. Mbwana alikuwa akitunga kichwani, kwa maana vidole vyake havikuweza tena kushika kalamu, na Hamisi akimwandikia. "Nimemwazima jina langu tu," alisema. "Mashairi si yangu. Athumani alikuwa na haki ya kushangaa."

Mtu mwema angelia. Mimi nilisema, "Mgonjwa wako ni mzuri sana. Hana mikono, hana jina. Akikosa na uso, tumemaliza." Sikuamini hata neno moja. Hamisi akaendelea kula. Ni mama mkwe aliyekata shauri. "Ijumaa tutapeleka sadaka kambini," alisema. "Uso tutauona."

Tulipika mkate wa kumimina na samaki wa kupaka, tukafunika kwa kawa, tukaenda asubuhi Hamisi akiwa hospitalini. Tulioneshwa kijumba cha mwisho. Mtu wa umri wa ujana alikuwa ameketi kizingitini, kanzu imefuliwa, ndevu zimekatwa vizuri, mikono yote miwili imefungwa bendeji. Nilizijua bendeji zile. Nilikuwa nikimwona Hamisi akizikunja nyumbani baada ya kula.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye mama wa Hamisi dresa. Huyu ni mkewe. Tumekuletea riziki kidogo."

Alishukuru kwa dua ndefu, akamwuliza mama mkwe habari za nyumbani na za shamba, na aliposikia shamba liko Kikoneni akakaa wima. "Basi mwamjua mkulima mmoja wa kule, atungaye mashairi?"

Mama mkwe aliinama akapanga kawa upya. "Wakulima ni wengi. Huyo akoje?"

"Ana ulimi mbaya."

"Hao ndio wengi zaidi."

Mbwana alicheka, kisha akaanza kuughani ubeti wangu, taratibu, kwa sauti nzuri kuliko ya Athumani. Alipofika penye *kalamu humponyoka* aliinua mikono yake miwili ile, akatuonesha. "Hanijui, na kaniona," alisema.

"Hakukusudia," nilisema. Lilinitoka tu. Mama mkwe alinifinya pajani.

Kwa mara ya kwanza aliniangalia mimi, akaniangalia kidogo zaidi ya adabu. "Na akusudie, dada yangu," akasema. "Mwaka wa pili niko hapa. Watu huja na sadaka, Mungu awalipe, nao husema nami polepole, kama mtu asemavyo na mtoto mwenye homa. Yeye peke yake ndiye aliyesimama kunitukana kwa vina. Nikisomewa tusi lake, nalala nikitafuta jibu, na vidonda sivisikii. Mkimwona, mwambieni asinionee huruma."

Njiani tuliporudi nilikuwa na aibu hata ya kukanyaga chini. Usiku ule niliufungua mzigo wangu, nikarudisha nguo kashani, na Hamisi hakuuliza. Kisha nikaandika shairi la kumwomba Mbwana radhi, beti saba, pole juu ya pole. Nilimghania mama mkwe jikoni. "Hili ni la matangani," alisema. "Mtu kakuomba matusi, wewe wampa pole. Si alikukataza kwa kinywa chake?" Nikalitia motoni. Lakini kila nilipojaribu kuandika ukali nilikuwa nikiiona mikono ile imeinuliwa, na kalamu haikwenda. Ijumaa ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu, Mkulima kimya. Barazani wakasema pengine mvua imemharibia. Siku moja Hamisi, macho yake kwenye sahani, akasema, "Mgonjwa wangu auliza kila siku kama Mkulima hajambo."

"Mimi nitajuaje?" nilijibu.

"Nakuarifu tu," alisema, akaomba mchuzi.

Ilipita wiki ya sita ndipo nilipoandika. Niliandika kwa hasira ya kujichukia, na hasira ile ilinisaidia. Beti sita, matusi safi, hakuna hata tone la huruma. Ndilo shairi bora la ujana wangu. Lilitoka Ijumaa, na Jumapili Hamisi alirudi mchana akiwa na udongo wa makaburini kwenye viatu. Aliketi jikoni, mahali ambapo wanaume hawaketi.

"Mbwana tumemzika," alisema.

"Alilisikia lile la Mkulima?"

"Nilimsomea Ijumaa jioni."

"Akasemaje?"

"Alicheka."

Sikumwamini. Madresa wana mazoea hayo. Humwambia kila aliyefiwa kwamba maiti yake hakuteseka. Nilijiambia kwamba ama hakusomewa, ama alisomewa akaumia, na nilikuwa nimechelewa wiki sita kwa sababu ya kujihurumia mimi mwenyewe. Jibu halikuja, na ukurasani kwetu asiyejibu ndiye aliyeshindwa. Athumani alimwambia Hamisi mbele ya watu, "Umepigwa na mlima mihogo?" Hamisi akasema, "Nimepigwa." Angeweza kusema shairi si lake. Hakusema, wala hakupeleka tena shairi gazetini maisha yake yote. Mimi nilipeleka, kwa jina langu mwenyewe, na barua zangu yeye ndiye aliyekuwa akizitia sanduku la posta. Nimeitwa kuhukumu mashindano, nimeandika, nimesahihisha vijana wasiohesabika. Kila aliponisifu nilimshuku kwamba asifu ili chakula kipikwe mapema. Kwamba Mkulima alikuwa mimi sikumwambia kamwe. Mwanzoni niliogopa, baadaye niliona haya, mwishoni nilikuwa nimezoea. Mama mkwe alikwenda nalo kaburini.

Sasa nimelifungua kasha. Vyeti vya kazi, miwani miwili, kofia aliyovaa siku ya harusi, na chini kabisa karatasi moja iliyokunjwa mara nne, wino umegeuka rangi ya chai. Macho yangu yaliangukia mstari wa mwisho kwanza: *ni wewe ninokumbuka.* Wallahi, mwanamke wa miaka yangu, mjane wa siku arobaini na mbili, na wivu ule ulinipanda palepale kama kwamba haukuwahi kulala. Nikamwita yule mwanamke wa Shimoni kwa jina baya. Kisha nikasoma kutoka juu:

*Mkulima wa nyumbani, mbegu yako imeshika,*
*Nilikusoma zamani, jina ulipojivika,*
*Hofu yangu moyoni, usije ukanicheka,*
*Nakujibu faraghani, ni wewe ninokumbuka.*

Vilikuwa vina vya lile shindano. Nikadhani ni jibu la Mbwana. Kwamba siku ile kambini alinitambua kwa neno langu moja lile, akatunga hili kabla ya kufa, na Hamisi, aliyemwandikia kwa mwandiko wake huu huu, aliona maneno ya mtu mwingine kwa mkewe akayaficha kashani. Nilimkasirikia marehemu. Nilimkasirikia kwa muda wa kuchemka birika, niwe mkweli, na nikasimama katikati ya chumba nikimlaumu kwa sauti. Miaka yote hii nimeishi nikidhani nilimwumiza mtu anayekufa, na jibu lilikuwa chini ya kofia.

Ndipo sikio likanirudisha. Nilihisi kikwazo, nikaketi kitandani, nikagonga kwa kidole juu ya goti kama Athumani. Mstari wa kwanza, kumi na sita. Wa pili, kumi na sita. Wa tatu niliugonga mara tatu, na mara zote tatu ulikuwa kumi na tano. Mbwana hakupungukiwa hata siku moja. Nikausoma tena mstari ule ule wa tatu, nikakisikia kicheko changu na cha mama mkwe kikipita kwenye pazia, na mchele ukimwagika, na nikalia kuliko nilivyolia siku ya mazishi.

Wajukuu hunitumia mashairi yao kwa simu niwasahihishie, nami siachi mstari ukichechemea. Huu ungetaka neno moja dogo tu mwanzoni, hata *ni* lingetosha. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nimeikunja karatasi kama nilivyoikuta, mara nne, na mstari wa tatu nimeuacha.